Mishumaa ya nta: jinsi ya kuianza kazi hii nyumbani

Katika miji na vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba, umeme ukizimika usiku, mtu hutuma mtoto dukani kununua mshumaa. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Uganda, na mtu aliyekaa hapa nyakati zile ajua vema thamani ya mshumaa uliofichwa kabatini. Lakini ni wachache wanaojiuliza mshumaa ule umetoka wapi. Ule mweupe wa dukani ni wa parafini, nao watokana na mafuta yachimbwayo ardhini, ni ndugu wa mafuta ya taa. Na huku kwetu, mrina asali akamua masega yake, achukua asali, kisha makapi ayatupa migombani. Ndani ya makapi hayo mna nta. Basi, twataka kuwaonyesha wasomaji wetu jinsi mtu asiyepata kuifanya kazi hii aweza kuianza jikoni mwake, na tena kama yafaa kuianza au haifai.

Kwanza na tuijue nta yenyewe. Nyuki kibarua akiwa kijana hutoa nta tumboni, upande wa chini, katika vitezi vyake vidogo. Hutoka kama vigamba vyembamba, naye huvitafuna na kuvijenga kuwa sega. Kazi hiyo yamgharimu chakula kingi. Wataalamu hukisia kwamba nyuki hula kilo 6 hata 8 za asali ili kutoa kilo moja ya nta. Mtu akijua hayo hatatupa makapi tena. Zamani za Wadachi, nta ilikuwa moja ya bidhaa kubwa zilizotoka bara kwenda pwani na ng'ambo, na hata leo Tanzania yauza nta katika nchi za nje. Hivyo mtupa makapi hatupi takataka, atupa mali.

Wapi utapata nta? Mwenye mizinga anayo tayari. Asiye nayo na anunue masega yaliyokamuliwa kwa warina asali. Mara nyingi watayatoa kwa bei ndogo. Lakini tuwaonye ndugu wa kusini ya Muleba: tangu mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na humo hakuna ruhusa ya kurina. Tena si vema kununua masega kwa mtu achomaye nyuki kwa mwenge wa moto. Kundi lililoteketezwa halitatoa nta mwaka ujao, na moto ule mara nyingi huishia katika majani ya rweya.

Sasa kazi. Yaosheni masega kwa maji baridi mpaka utamu wa asali uishe, kisha yatieni katika sufuria yenye maji mengi, na kuyapasha moto pole pole. Maji ya mvua ndiyo bora, nasi twashukuru kwamba katika nchi yetu hayapungui. Sufuria na iwe ya alumini, au ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka. Chuma kitupu, shaba na bati la mabomba huiharibu rangi ya nta, ikawa ya kijivu au ya kijani. Nta huyeyuka moto ufikapo digrii 62 hata 64, kwa hiyo hakuna haja ya kuchemsha maji kwa nguvu. Ikiisha kuyeyuka, mimineni yote katika kitambaa cha pamba juu ya chombo kingine, mkikamue kwa vijiti viwili, si kwa mikono. Kisha funikeni chombo, kiacheni kipoe usiku kucha. Nta ni nyepesi kuliko maji, basi asubuhi mtaikuta juu imeganda kama mkate wa manjano. Igeuzeni, mkwangue uchafu ulioganda chini yake. Ikiwa bado ni chafu, rudieni tena. Nta isiyosafishwa vema huziba utambi, na mshumaa wake hutoa cheche na moshi.

Hapa twasimama kidogo kwa ajili ya jambo moja lililo kubwa kuliko yote katika somo hili. Nta safi isiwekwe kamwe katika chombo kilichokaa juu ya moto wenyewe. Iwekeni katika kopo, na kopo likae ndani ya sufuria ya maji, na sufuria ndiyo ikae juu ya makaa. Sababu ni hii: maji hayawezi kuwa moto kuliko kiasi chake cha kuchemka, na hapa kwetu, kwa kuwa ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, maji huchemka karibu na digrii 96. Basi nta iliyo ndani ya maji haiwezi kupita hapo. Lakini nta iliyo juu ya moto mtupu huzidi kupata joto bila kuonyesha dalili. Haichemki kama maji, haipigi kelele, mpaka hutoa mvuke, na mvuke ule hushika moto ghafula. Ikishika moto, msimwagie maji. Maji ni mazito kuliko nta, huzama chini yake, na kwa joto lile hugeuka mvuke mara moja na kuirusha nta iwakayo hata darini. Funikeni kopo kwa kifuniko au kwa sinia, mwondoe makaa, mwache lipoe. Kifuniko na kiwe karibu tangu mwanzo, si cha kutafutwa baadaye. Watoto wadogo wasiwepo. Nta iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi, nayo huunguza kuliko maji. Mtu akimwagikiwa, atie mahali pale katika maji baridi kwa muda mrefu, wala asiibandue nta kwa nguvu.

Tumesema mengi juu ya moto kwa sababu twaijua nchi. Wazee wetu walilala katika mushonge wa majani, wakatandika majani sakafuni, na mpaka leo ziko nyumba ambazo majani hutandikwa siku ya wageni. Cheche moja yatosha. Kazi hii na ifanyike nje au jikoni penye sakafu ya udongo mtupu.

Tuje kwenye utambi, maana hapa ndipo wanaoanza wengi hushindwa, nao hudhani kosa ni la nta. Mtu mmoja mwenye elimu kubwa, Michael Faraday wa London, aliwafundisha vijana habari ya mshumaa mwaka 1848, na tena katika sikukuu za Krismasi za mwaka 1860 kuingia 1861. Aliwaonyesha kwamba kinachowaka si utambi wala si nta ngumu, bali ni mvuke wa nta. Walimu waweza kulionyesha jambo hili shuleni kwa urahisi: zimeni mshumaa, na upesi upelekeni moto wa kiberiti katika ule moshi mweupe unaopanda, moto utashuka kwa njia ya moshi na kuuwasha utambi pasipo kuugusa. Basi kazi ya utambi ni kunywa nta iliyoyeyuka na kuipandisha kwenye mwali. Utambi mwembamba mno hunywa kidogo, ziwa la nta huongezeka, nao huzama na kuzimika. Utambi mnene mno hunywa kupita kiasi, mwali huwa mrefu na kutoa masizi. Nta ya nyuki ni nzito kunyweka, kwa hiyo yataka utambi mnene kidogo kuliko ule wa parafini.

Chukueni uzi wa pamba tupu, si wa nailoni, kwa maana nailoni huyeyuka na kutoa harufu mbaya. Sukeni nyuzi tatu pamoja kama msuko wa nywele. Zamani tambi zilikuwa za kusokota tu, na ilimpasa mtu kukaa na mkasi akikata ncha kila mara. Mwaka 1825 Mfaransa aitwaye Cambacérès alionyesha kwamba utambi uliosukwa hujipinda ukiwaka, ncha yake hutoka pembeni mwa mwali na kuungua yenyewe. Jambo dogo, lakini tangu hapo watu wamepumzika na mkasi. Utambi wenu ukiisha kusukwa, uchovyeni katika nta ya moto mpaka mapovu yakome kutoka, kisha unyosheni na kuuacha ukauke.

Tengenezeni tambi tatu za unene mbalimbali, na kwa kila mmoja mshumaa mmoja. Washeni yote mitatu mahali pasipo upepo, muitazame kwa saa moja. Mtaona wenyewe upi wafaa. Hakuna kitabu kiwezacho kusema mbele ya jaribio hili, maana uzi wa duka moja si uzi wa duka lingine.

Njia iliyo bora kwa anayeanza ni kuchovya. Nta ya nyuki hung'ang'ania kalibu, na mtu asiye na uzoefu huvunja mishumaa akiitoa. Lakini kuchovya kwahitaji kopo refu tu. Kopo lenye upana wa sentimita 7 na kimo cha sentimita 25 hujaa kwa nta kama kilo moja. Ufungeni utambi katika kijiti, uzamisheni, utoeni mara moja, uning'inizeni. Usikawie ndani ya nta, kwa kuwa tabaka la kwanza litayeyuka tena. Ngojeni mpaka tabaka likauke lakini likiwa bado na uvuguvugu, kisha chovyeni tena. Mwenye tambi kumi katika vijiti vyake hatapoteza wakati. Amalizapo wa kumi, wa kwanza u tayari. Baada ya kuchovya mara 20 au 30 mshumaa utafikia unene wa sentimita 2. Ukipindika, uvingirisheni ungali laini juu ya ubao uliolowana. Mahali penye upepo wa ziwani hapafai, kwa kuwa mshumaa upoao upesi hupasuka.

Nta ikipungua katika kopo, haitatosha kuchovya mshumaa mrefu. Iliyobaki imimineni katika kalibu. Mwanzi uliopasuliwa katikati na kufungwa tena kwa kamba wafaa, hata bua la jani la mpapai, ambalo ndani lina uwazi. Nta ikiganda, bua lapasuliwa na kutupwa. Mimineni pole pole, na utambi uvutwe usilegee. Nta hunywea ikipoa na kuacha shimo karibu na utambi; jazeni tena kidogo.

Sasa swali la fedha, nasi hatutaki kumdanganya mtu. Mshumaa wa urefu wa sentimita 16 na unene wa sentimita 2 una uzito wa gramu 50 hivi. Kwa kilo moja ya nta safi mtapata 20 kwa hesabu, na kwa kweli 18 au 19, kwa kuwa nyingine hubaki katika kopo na kitambaa. Andikeni bei ya masega, ya uzi, ya makaa, na siku mlizofanya kazi. Gawanyeni kwa mishumaa 18. Kisha nendeni dukani mkaulize bei ya mshumaa wa parafini. Twaona ya kuwa mara nyingi ule wa dukani utakuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo mjane atakaye kulisha watoto kwa kazi hii asikope fedha kwa tumaini la kuwauzia jirani taa ya usiku. Kwa ajili hiyo taa ndogo za jua zimeushinda mshumaa, na zimekishinda na kibatari chenye moshi, nasi twafurahi. Mshumaa wa nyuki hununuliwa na mtu apendaye harufu yake na mwanga wake: makanisa kwa madhabahu na kwa Krismasi, nyumba za wageni, watu wa arusi. Na aanze na kilo moja, awaulize hao kwanza. Wasipotaka, nta yenyewe huuzwa kama ilivyo, wala haiozi. Hajapoteza kitu ila kazi ya siku moja.

Asiye na nta kabisa aweza kujifunza kwa vipande vya mishumaa vinavyobaki kanisani, akiomba ruhusa kwa wazee wa usharika. Aviyeyushe katika maji kama tulivyosema, atoe tambi za zamani, achuje. Ila asichanganye parafini na nta ya nyuki, wala asitie mafuta ya ng'ombe, kisha akauza kwa jina la nta tupu. Mafuta huufanya mshumaa uwe laini na kunuka, na mnunuzi ataujua siku ya kwanza ya jua kali.

Mishumaa iliyokwisha ilazwe katika sanduku, imefungwa kwa karatasi, mbali na panya. Baada ya wiki chache mtaona unga mweupe juu yake kama ukungu. Si uozo; ndiyo tabia ya nta ya nyuki, na kitambaa kikavu hutosha kuufuta.