Utando, Uti na Ubongo: Jina la Maradhi na Utambuzi Wake Kandokando ya Ziwa Viktoria

Kisian ni kituo cha barabarani magharibi mwa Kisumu, mahali barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Hapo pana maabara za Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), taasisi iliyoundwa mwaka 1979. Mojawapo ya maswali magumu yaliyowakabili watafiti wake ni hili: mtoto aliyepoteza fahamu kwa homa anaugua nini hasa?

Kiswahili hujibu kwa majina matatu: homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo na degedege. La kwanza linapotosha. Kinachovimba si uti, bali utando unaofunika ubongo na uti huo. La tatu si ugonjwa bali ni dalili, na lina mzigo wa kale: dege, kama nyuni, ni neno lililotaja ndege na pia maradhi ya watoto yaliyodhaniwa kuletwa na ndege huyo au pepo wake. Mzazi anayeamini hivyo humtafuta mganga kwanza, na saa zinapita.

Utando huo hushambuliwa na bakteria, virusi au kuvu. Bakteria ndio wenye pupa zaidi. Nimokoki na meningokoki waweza kumuua mgonjwa katika muda wa siku moja au mbili. Virusi kwa kawaida huwa na huruma kiasi, isipokuwa vinapoingia ndani ya ubongo wenyewe. Kuvu cha kriptokoki huwavizia hasa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, nao huumwa kichwa kwa majuma kadhaa kabla ya kuzidiwa. Kifua kikuu nacho hunyemelea vivyo hivyo. Malaria ya ubongo ni jambo jingine kabisa: vimelea haviuingii utando, bali chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia.

Hata hivyo, dalili zinashabihiana mno. Homa, kutapika, kuumwa kichwa, degedege na kupoteza fahamu hupatikana katika maradhi yote hayo. Shingo iliyokakamaa na macho yanayochukia mwanga huelekeza kwenye utando, lakini kwa mtoto mchanga shingo huweza kubaki laini. Badala yake utosi hufura, naye hukataa kunyonya.

Je, si kipimo cha damu kingetosha? Katika eneo la ziwa, la hasha. Malaria imeenea hivi kwamba mtoto huweza kuwa na vimelea damuni huku kinachomuua ni kitu kingine. Uchunguzi wa maiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2004 ulibaini kwamba kati ya watoto 31 waliohesabiwa kuwa na malaria ya ubongo, 7 walikufa kwa sababu nyingine.

Kinachoamua ni maji ya uti wa mgongo. Sindano hupenyezwa kati ya pingili za kiunoni, chini ya mahali uti unapokoma. Kwa hiyo haiugusi. Maji yakitoka na ukungu mithili ya maji ya mchele, bakteria hushukiwa mara moja. Yakiwa meupe kama ya chemchemi, maabara huhesabu chembe, hupima sukari na protini, na hutafuta kuvu kwa wino mweusi. Hapa ndipo jina linapodhuru tena. Aliyeambiwa kuwa ugonjwa umo utini, kisha akaombwa idhini ya mwanawe kudungwa papo hapo, huhofia kupooza na kukataa.

Uzito wa sindano hiyo ulidhihirika katika chanjo ya malaria ya RTS,S. Ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 barani Afrika, Siaya na Kombewa vikiwemo. Miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wagonjwa wa utando walikuwa 21. Katika kundi la ulinganisho, ambalo lilikuwa takriban nusu ya hilo, alikuwa mmoja tu. Sadfa au madhara? Chanjo iliyoonekana kuokoa watoto ikabaki na doa.

Jibu lilitafutwa kuanzia mwaka 2019 nchini Malawi, Ghana na Kenya, ambako uzinduzi ulifanyika Homa Bay mwezi wa Septemba. Watafiti wa KEMRI na wenzao walifuatilia hospitali za magharibi mwa nchi, na hospitalini kila mtoto aliyeshukiwa alihitaji maji yake yapimwe, maana bila hayo ugonjwa wa utando na malaria ya ubongo vingeandikwa kwa kubahatisha. Uhusiano uliohofiwa haukuonekana. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa watoto.