Negativu Zikitoka Hafifu, Kosa Liko Wapi?

Somo la leo ni la wale wanaopiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe na kuisafisha wenyewe nyumbani. Najua wengine watasema, siku hizi si kila mtu ana simu? Ni kweli. Lakini kamera za zamani bado ziko makabatini, na negativu iliyotunzwa vizuri huwa ingalipo hata simu ikishaharibika. Taabu ni kwamba filamu sasa ni ghali, na ukiiharibu, siku ile uliyopiga hairudi.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwezi mmoja wa Julai, kule Kinangop, kikundi chetu kilichanga pesa tukanunua filamu moja ya picha 36, ili tuwapige wazee walioanzisha mradi wetu wa maji. Niliisafisha usiku uo huo jikoni. Nilipoitoa kwenye tangi, ilikuwa hafifu kama moshi, nyuso zinaonekana kwa shida. Kabla hatujapata pesa za filamu nyingine, mzee mmoja akafariki, na jamaa zake wakaja kuniuliza picha ya kuweka matangani. Nilikosa la kuwaambia.

Nilichofanya kwanza ni kulaumu kamera. Kumbe kamera haikuwa na hatia, na filamu yenyewe ilikuwa inaniambia hivyo, ila sikujua kuisoma.

Hebu tuisome pamoja. Kumbukeni kwamba kwenye negativu mambo yamegeuzwa: palipokuwa na mwanga panakuwa peusi, na palipokuwa na giza panabaki wazi kama kioo. Sasa tazama kando kando ya filamu, karibu na matundu. Utaona namba za picha na jina la filamu. Maandishi hayo hayakupigwa na kamera yako. Kiwanda kiliyachapa kwa mwanga kabla ya kukuuzia, lakini hayaonekani mpaka dawa iyatoe. Kwa hiyo hayo ndiyo shahidi wako.

Ikiwa maandishi ni meusi sawasawa lakini picha ni hafifu, dawa ilifanya kazi yake. Mwanga haukutosha wakati wa kupiga. Ikiwa maandishi nayo yamefifia pamoja na picha, kosa liko kwenye kusafisha. Maandishi yakiwa meusi na picha hakuna hata moja, basi filamu haikupata mwanga kabisa, na mara nyingi ni kwa sababu haikushika vizuri kwenye kamera, ukawa unapiga hewa. Na filamu ikitoka wazi tupu, hata maandishi hayapo? Hapo ulianza na fiksa badala ya developa, au developa ilikuwa imekufa. Weka alama kubwa kwenye chupa zako, tena si chupa za soda, kuna watoto nyumbani.

Yangu yalikuwa yamefifia, maandishi na picha. Kesho yake nilirudia kazi yote kwa maji matupu na kipimajoto. Maji yalianza yakiwa nyuzi 20, kama kanuni inavyosema. Lakini tangi langu ni la chuma, na nilikuwa nimelisimamisha ndani ya karai la maji baridi ya kusuuzia. Dakika 13 zilipoisha, ndani mlikuwa na nyuzi 15. Baridi huipunguza nguvu developa, na hidrokwinoni, ambayo ni moja ya viungo vyake, ndiyo inayolala zaidi. Dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ni za nyuzi 20 kuanzia mwanzo hadi mwisho, si za mwanzo peke yake. Siku hizi natia maji ya vuguvugu kwenye karai, nyuzi 20 au 21, na tangi linakaa humo muda wote. Ndugu zetu wa Kisumu na Mombasa wana shida ya upande wa pili. Kwao maji yapozwe kwenye mtungi, maana dawa ikiwa moto kazi inakwenda mbio na muda unakuwa mfupi mno kuupima vizuri.

Kosa jingine la usiku ule lilikuwa dawa yenyewe. Chupa ilikuwa nusu, imekaa miezi mingi, na rangi yake imekuwa kama chai ya rangi. Hewa iliyobaki ndani ya chupa ndiyo inayoiua. Tumia chupa ndogo zinazojaa mpaka shingoni. Na kabla ya kuhatarisha filamu ya watu, fanya jaribio hili ambalo halikugharimu kitu: ule ulimi wa filamu unaoukata mwanzoni, utumbukize kwenye developa hapo hapo mwangani. Dawa nzima itaufanya mweusi ti ndani ya dakika chache. Ukibaki kijivu, mwaga dawa. Nafikiri hili ndilo jambo la maana kuliko yote katika somo hili, nami sijui kwa nini sikufundishwa mapema.

Angalieni pia kuchanganya. Filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye ID-11 isiyoongezwa maji inataka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Ukiongeza maji kiasi sawa na dawa, inataka dakika 13. Kuna watu wanaongeza maji ili dawa iende mbali, halafu wanashika dakika zile zile 7 na nusu. Na tangi lipinduliwe mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Likikaa kimya, dawa iliyogusa filamu inachoka.

Sasa kama shahidi amesema kosa ni la mwanga, angalia kwanza namba ya ASA. Filamu ya 100 kwenye kamera iliyowekwa 400 inapata robo tu ya mwanga inaouhitaji. Halafu kuna hili linalotupata sana sisi: mtu mweusi amesimama chini ya mwembe, nyuma yake anga jeupe. Kipima mwanga cha kamera kinaona anga, kinapunguza mwanga, na uso unabaki wazi kwenye negativu, hauna kitu. Sogea karibu, upime usoni pake, kisha urudi nyuma upige. Kama huwezi kusogea, fungua lenzi hatua moja au mbili zaidi.

Negativu ambayo imeshapita kwenye fiksa hairudishwi kwenye developa ikaongezeka. Hilo msijaribu. Kilichomo ndicho hicho. Lakini ikiwa kuna kivuli cha picha, usitupe. Kama mnachapa wenyewe, tumieni karatasi ngumu, ya gredi 4 au 5. Kama hamna, laza negativu juu ya kitambaa cheusi, upande usiong'aa ukikutazama, na mwanga utoke ubavuni. Ukiinamisha kichwa kidogo utashangaa: picha inageuka, weusi unakuwa weusi na weupe weupe.

Picha ya mzee wetu tuliitoa hivyo, kwa kuipiga na simu ya kijana mmoja juu ya kitambaa cheusi. Ilitoka kinyume, kofia imelalia upande usio wake, ikabidi kijana aigeuze kwenye simu. Koti ni giza tupu. Lakini macho yanaonekana, na ile fimbo yake.