Ndani ya nani? Jamaa ya Kolwezi kati ya -ji- na -an-

Anayetafuta katika Biblia namna ya kuutawala moyo wake hufika mapema kwenye Mithali 16:32, ambapo mwenye kuitawala roho yake anawekwa juu ya mwenye kuuteka mji. Naipenda aya hiyo, lakini nitazame sarufi yake: mtawala ni mmoja na roho ni yake. Tukiifupisha kwa kitenzi tunapata kujitawala, na -ji- humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Hakuna mtu wa pili.

Hapa kwetu, si mbali na machimbo ya Mashamba (jina linalonifikirisha mahindi kuliko shaba), waliishi watu waliosoma Injili kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka 1945, alikutana na wafanyakazi wa Union Minière katika kambi za Kolwezi. Ikazaliwa Jamaa. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mapendo, kama tunavyosema Katanga. Watu waliingia mume na mke, hatua kwa hatua, wakiongozwa na baba na mama wa kiroho waliowatangulia.

Basi kazi ya ndani ilihama kutoka -ji- kwenda -an-: kupendana, kupatana. Angalieni pia mawazo. Nyumbani, mwenye mawazo mara nyingi ni mwenye wasiwasi. Katika Jamaa neno hilo lilitaja kwa uzito yaliyomo ndani ya mtu, na mafundisho yalikuwa njia ya kuyatoa yamfikie mwenzake.

Je, Maandiko yanaruhusu usomaji huo? Katika Luka 17:21 Yesu anawajibu Mafarisayo kuhusu mahali ulipo ufalme wa Mungu. Neno la Kigiriki ni entos, linalopatikana mara mbili tu katika Agano Jipya; pengine ni Mathayo 23:26, juu ya ndani ya kikombe. Wafasiri hubishana kati ya “ndani yenu” na “kati yenu”. Mimi naona ubishi huo unasahau kiwakilishi: kwa Kigiriki na kwa Kiswahili ni wingi. Hata ukichagua “ndani”, hujapata “ndani yako”.

Mwalimu mmoja alinipinga: kampuni ilihitaji wanaume waliooa na kutulia kambini, na dini ya moyo uliotawaliwa iliifaa sana. Hoja nzito. Ni kweli kwamba Union Minière ilipendelea wafanyakazi wenye wake na watoto tangu miaka ya 1920. Lakini utulivu ambao tajiri anautaka ni wa -ji-: kila mtu ajizuie, anyamaze. Watu wanaotoleana mawazo usiku nyumba kwa nyumba si kimya hicho. Tempels alirudi Ubelgiji 1962, na baadaye maaskofu waliibana Jamaa.

Kwa anayetaka kuendelea: Johannes Fabian alichapisha kitabu juu ya Jamaa mwaka 1971. Kisha fungua Wagalatia 5:22–23. Orodha inaanza na upendo, na mwishoni kuna enkrateia, neno lenye nguvu, kratos, ndani yake. Biblia yetu ya zamani ya Kiswahili imeandika kiasi. Pima ni nini kilichopotea hapo, na ni nini kilichoongezeka.