Binti Naye Amepewa Talenta

Yezu Kristu alifundisha mfano wa watumishi waliokabidhiwa talenta. Yule aliyeifukia yake ardhini alihukumiwa. Akili ya binti nayo ni talenta ya Mungu. Basi, anayeifukia ni nani?

Zamani za Kongo ya Wabelgiji, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni. Masista walifungua shule za wasichana, wakafundisha na kuziongoza kwa jasho jingi. Hata hivyo, kazi ya kukagua shule za misioni ilikabidhiwa mapadri, na mipango ya masomo ilitungwa na wanaume wa serikali. Sista aliwajua wanafunzi wake, lakini neno la mwisho halikuwa lake.

Mwanamke Mkongomani alizuiliwa mbali zaidi. Mwaka 1948 serikali ilitoa mpango mpya wa masomo. Wavulana wachache walifunguliwa njia ya kuelekea chuo kikuu. Wasichana walifundishwa hasa kushona, kupika na kulea watoto. Baadhi yao tu walipata ualimu wa shule za chini. Wengi hawakufundishwa Kifaransa vya kutosha, nacho ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi. Binti angeongozaje masomo, naye hawezi kusoma barua za mkaguzi? Wazazi wengi nao walimwondoa shuleni mapema, aolewe au asaidie shambani.

Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, hakuna binti Mkongomani aliyekuwa amemaliza sekondari kamili. Wa kwanza, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1961. Mwaka 1964 alihitimu Chuo Kikuu cha Lovanium, na mwaka 1966 akawa waziri, mwanamke wa kwanza nchini mwake kupewa cheo hicho. Talenta haikukosekana; ilikuwa imefukiwa.

Swali: Kwa nini wanawake Wakongomani hawakukalia viti vya uongozi wa masomo?
Jibu: Kwa sababu walinyimwa masomo yanayomfikisha mtu penye viti hivyo.

Swali: Kosa hilo limekwisha?
Jibu: Serikali ile imekwisha, lakini mzazi anayemwachisha binti shule kwa tamaa ya mahari anaifukia talenta hata leo.

Azimio: Mkatekumeni mwenye binti amtume shuleni pamoja na kaka yake, ampunguzie kazi za jioni apate kusoma, na amwache amalize.