Tarikh Yasemwa na Nani?

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu hapa Kitisuru, Nairobi, kijana mmoja wa asili ya pwani alituuliza: "Vitabu vya tarikh ya Kilwa havipatani. Tusadiki kipi?" Swali hili ni zuri. Jawabu yake ni kuwa tarikh si namna moja.

Kwanza, kuna khabari za aliyeona. Ibn Battuta aliingia Kilwa mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lakini aliyemwandikia safari zake ni Ibn Juzayy, kazi ikamalizika mwaka 1355. Humo mwasemwa kuwa mji umejengwa kwa miti. Na hali magofu ya msikiti mkuu na ya Husuni Kubwa, palipoonekana jiwe lenye jina la Sultani huyo, ni ya mawe. Basi hata aliyeona hupitiwa.

Pili, kuna tarikh ya mji na wenyewe. Kitabu cha Kiarabu cha Kilwa, kilichotungwa karne ya 16, chasema kuwa walitoka Shirazi baba na wana sita kwa vyombo saba. Mreno João de Barros, katika kitabu chake cha mwaka 1552, asimulia kuwa mama wa Ali aliyeasisi mji alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na nduguze wakimdharau. Kile cha Kiarabu hakimtaji mama huyo. Yatupasa tuuchunguze hata unyamavu wa mwandishi.

Tatu, kuna tarikh ya mhakiki. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alikadiria kuwa Ali bin al-Hasan alitawala karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 zikafukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu zenye jina hilo pamoja na dinari za dhahabu, iliyo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Wataalamu wakarudisha nyuma tarehe ile.

Wanavyuoni wetu hawakupokea hadithi ila kwa kuuliza isnadi, na Suratul-Hujurat yatuamrisha tuhakikishe khabari. Basi kila tarikh tuiulize: nani asema, alipata wapi, amwandikia nani, na nani amkhalifu?

Ama sisi twajifakhiri kwa nasaba tusizozichunguza, na huku karatasi za wazee wetu zaliwa na mchwa masandukuni. Enyi ndugu, zifungueni, zianikeni, ziandikeni upya kabla hazijawa vumbi. Asiyehifadhi shahidi wake asilaumu akisemewa na wengine.

Wabillahi tawfiq.