Bingwa wa Ligi ya Chini Huenda Wapi?

Makala haya yalizaliwa na ubishi. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, mwenzangu tunayekaa dawati moja, mwenyeji wa Ruiru, alinikuta nikiandika nyuma ya daftari majina ya timu zilizopanda daraja kutoka Supa Ligi ya Kitaifa. Alicheka mpaka akaacha githeri yake. "Wewe bwana, nani huandika historia ya ligi ya chini? Hata ukiwa bingwa huko, wewe ni bingwa wa nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Leo ninalo, na ninaomba unisikilize.

Kwanza tuelewe ligi yenyewe. Supa Ligi ndiyo ngazi ya pili ya kandanda ya wanaume nchini, chini ya Ligi Kuu. Kwa kawaida timu mbili za kwanza hupanda moja kwa moja, na mbili za mwisho katika Ligi Kuu hushuka kuchukua nafasi zao. Basi tazama nilichokiandika daftarini. Mwaka 2017 walipanda Vihiga United na Wazito. Mwaka 2018, Western Stima na KCB. Mwaka 2019, Kisumu All Stars na Wazito tena, kwa maana walikuwa wameshuka baada ya msimu mmoja tu. Mwaka 2020, Nairobi City Stars na Bidco United. Mwaka 2021, Talanta na Kenya Police.

Je, umeona kitu? Ukisoma orodha ya mabingwa wa Ligi Kuu, majina yanajirudia kama kiitikio cha wimbo. Gor Mahia peke yao walikuwa wamefikisha mataji 21 ifikapo mwaka 2024. Lakini katika ligi ya chini, jina likijirudia si sifa. Wazito wanaonekana mara mbili kwa sababu walianguka katikati. Bingwa wa kweli wa ligi ya chini ni yule asiyerudi kutetea taji lake. Huo ndio ugunduzi wangu wa kwanza.

Sisi wa Thika tunaijua ngazi hii vizuri, kupanda na kushuka. Thika United, waliofadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside ya kule Ruiru, walicheza Ligi Kuu kwa miaka mingi. Mwaka 2018 wakashuka. Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka baba alizima redio, akakaa kimya, kisha akasema, "Mpanda ngazi hushuka." Mimi nilidhani anazungumza juu ya fundi aliyekuwa akitengeneza paa la jirani.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Bidco United, timu ya kiwanda cha hapa hapa Thika. Msimu wa 2019/20 haukumalizika, kwani ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vyote. Shirikisho la kandanda likaukatiza, na Bidco, waliokuwa nafasi ya pili nyuma ya City Stars, wakapanda. Watu wengine husema ati walipanda kwa bahati. Mimi nauliza: ni nani aliyewaweka katika nafasi ya pili kabla ya korona? Bahati haichezi mechi za nusu msimu na zaidi.

Nilipofika hapo, msichana mmoja wa darasa letu alinikatiza. "Na Thika Queens je? Au hao si timu?" Niliona haya. Mwaka 2021 Thika Queens walitwaa Ligi Kuu ya wanawake. Yaani wakati sisi wavulana tunabishana nani kapanda na nani kashuka, taji kubwa la ligi lililofika mjini mwetu lililetwa na akina dada. Nimeliandika kwa wino mwekundu.

Mlezi wa chama chetu aliposoma daftari langu, alinishauri nilinganishe na besiboli ya Marekani. Kule nako kuna ligi ndogo, lakini ngazi yake ni tofauti. Timu haipandi, mchezaji ndiye hupanda. Mwaka 1946 timu ya Montreal Royals ilitwaa ubingwa wa ligi yake ndogo, na mmoja wa nyota wake alikuwa Jackie Robinson. Mwaka 1947 Robinson aliitwa na Brooklyn Dodgers, akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza katika karne hiyo kucheza ligi kubwa, akauvunja ukuta wa ubaguzi. Royals walibaki pale pale katika ligi ndogo. Kule timu ni darasa, na mchezaji ni mwanafunzi. Hapa kwetu timu nzima ni mwanafunzi.

Sasa nirudi kwa yule mwenzangu. Swali lake liliniuma kwa sababu nimelisikia kwingine. Tulipopata matokeo ya darasa la nane, wengine waliitwa shule za kitaifa na mabasi yakawachukua na masanduku yao. Sisi tuliitwa shule ya kutwa. Jirani mmoja aliniambia, "Basi jaribu tu." Hata mimi kwa muda mrefu niliamini kwamba kuwa namba moja katika shule ya kutwa ni kuwa bingwa wa si kitu.

Lakini wale Kenya Police waliotoka Supa Ligi mwaka 2021 ndio waliotwaa Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Miaka minne tu! Na Mathare United, mabingwa wa Ligi Kuu mwaka 2008, walicheza ligi ya chini msimu wa 2023/24 kabla ya kupanda tena. Ngazi ni moja, miguu ndiyo tofauti.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi vijana tumeongeza: mfuate huko huko juu. Nilimsomea mwenzangu makala haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Hakusema kitu. Aliomba kalamu, akaandika chini ya orodha yangu jina la timu ya mtaa wao Ruiru, ambayo bado haijafika popote, akaacha nafasi ya mwaka wazi.