Mtoto Aonaye Rangi ya Saba

Mswahili husema amesikia harufu, amesikia baridi, amesikia njaa. Neno moja la masikio lafanya kazi ya pua, ya ngozi na ya tumbo. Twasema pia sauti nzito na maneno machungu, wala hakuna atushangaaye. Lakini mtoto akisema shuleni kwamba namba saba ni ya kijani, wenzake humcheka, na nyumbani pengine huambiwa mwongo, au, vibaya zaidi, hudhaniwa amerogwa.

Wazazi wapenzi, mtoto huyo si mwongo. Wataalamu huiita hali hiyo sinestesia: hisi moja ikiguswa, nyingine huamka pamoja nayo. Francis Galton wa Uingereza aliandika habari zake mwaka 1883, akaona ya kuwa yaweza kuandama ukoo. Si ugonjwa. Wenye nayo ni wachache, bali kivuli chake tunacho sote. Ndiyo maana lugha yetu haioni haya kusema hivyo.

Jambo hili lafunzwa vema katika michezo ya kuigiza. Nani kandokando ya ziwa asiyejua Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma? Huko, katika sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu huchezesha ngoma zao wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Katika bugobogobo majembe hupaa na kushuka. Jicho lafuata jembe, sikio ngoma, unyayo watetemeka pamoja na ardhi, na vumbi limejaa puani. Nani awezaye kusema ni hisi ipi iliyomvuta ahame upande?

Basi vijana wa parokia wasianze na maneno ya kukariri. Wafumbe macho ufukoni, wasikilize mawimbi yapigayo miamba, wanuse dagaa waanikwao mchangani. Kisha kila mmoja aoneshe kwa mwili na mlio, bila neno, harufu ile ina sauti gani. Mmoja atanguruma, mwingine atafinya vidole tu. Mwalimu asimsahihishe mtu (nasi mapadre, twakiri, twapenda mno kusahihisha). Na akiwapo yule mtoto wa namba za rangi, apewe kazi ya kuchagua mavazi ya waigizaji. Atawaeleza wenzake kwa nini mzee mkali wa mchezo hawezi kamwe kuvaa samawati.